Zamani Mushene Ilingoja Mwezi Mzima

Nianze na aibu yangu ndio tusonge mbele kwa amani.

Mwaka jana niliposti video ya sekunde hamsini kuhusu dem mmoja wa mtaa wetu anayefanya video za densi. Si seleb wa kujulikana Kenya nzima, lakini hapa Umoja watoto wakimwona wanaanza kucheza. Alikuwa amepotea mtandaoni kama wiki sita hivi. Kisha mtu akanitumia picha yake akitoka kliniki, amevaa dera pana, anatembea polepole. Mimi nikajumlisha moja na moja nikapata kumi na moja. Nikasema ana mimba. Nikasema baba ni nani. Nikaongezea na ile cheko yangu mnayoijua. Kufikia asubuhi video ilikuwa imetazamwa mara elfu arobaini, na kwa mara ya kwanza maishani nikahisi nimeomoka.

Hakuwa na mimba. Alikuwa ametolewa uvimbe kwenye kizazi, zile fibroidi ambazo wanawake wengi wanazo na hakuna anayetaka kuzitaja. Nilijuaje? Kwa sababu ni mteja wa saluni ya mathe. Alimwambia mathe kila kitu akisukwa, na video yangu ikiwa kwa simu mkononi mwake.

Mathe hakunipigia kelele. Hiyo ndiyo iliniuma. Alikuwa anasuka mteja mwingine, akaniuliza bila kugeuka, "Ulimuuliza nani kabla uiweke?"

Nikanyamaza.

"Na hakukuwa na mtu wa kukuuliza wewe?"

Nilifuta video hiyo jioni. Lakini hilo swali la pili limekaa kichwani tangu siku hiyo, na ndilo limenifanya niandike leo. Kwa sababu ukweli ni kwamba hapana, hakukuwa na mtu wa kuniuliza. Kutoka nione ile picha hadi niposti zilipita dakika kumi na nne. Nimehesabu, saa zote mbili ziko kwa simu.

Sasa tukuje kwa katoni.

Saluni ya mathe ina katoni ya mafuta ya kupikia, iko chini ya kiti cha wateja tangu nikiwa mdogo. Ndani ni majarida. Kabla ya simu za mkononi zenye intaneti, mtu akija kusukwa rasta alikuwa anakaa masaa manne, na masaa manne bila kitu cha kusoma ni kifungo. Kwa hivyo mathe alikuwa akienda tao ananunua majarida, mapya akiwa na pesa, makuukuu akikosa, yale yanapangwa chini kwa karatasi ya nailoni kando ya barabara. Wateja walisoma wakachoka wakasoma tena. Kurasa zenye mitindo ya nywele hazipo, zote zimeraruliwa.

Jumapili baada ya ile video aliniambia, "Leta hiyo katoni. Ukae hapo usome." Nikaona ni adhabu ya mtoto wa darasa la nne. Nilikaa hadi giza.

Kitu cha kwanza kutoka chini kabisa hakikuwa cha mathe, kilikuwa cha guka. Drum. Kava haipo, panya walishapita nayo. Kama hujui Drum, hilo ni jarida lililoanza Afrika Kusini mwaka wa 1951, na baadaye likawa na matoleo ya Nigeria, Ghana na huku kwetu Afrika Mashariki. Mbele mrembo anatabasamu. Dolly Rathebe, mwimbaji na mwigizaji wa kule, alijulikana sana kwa kurasa zake. Ndani kulikuwa na ngumi, muziki, hadithi za mapenzi. Lakini hilo hilo jarida la warembo ndilo lililokuwa na mwandishi anaitwa Henry Nxumalo. Mwaka wa 1952 waliandika jinsi wafanyakazi walivyokuwa wanateswa katika mashamba ya Bethal. Nxumalo hakukaa ofisini akaskia tu kutoka kwa watu. Alienda huko mwenyewe.

Hebu fikiria hiyo. Serikali ya ubaguzi wa rangi, yeye Mwafrika, na bado alienda kuangalia kwa macho yake. Mimi yule dem anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu. Ningetembea na sandali.

Katikati ya katoni kulikuwa na kitu sikutarajia. Jarida moja la miaka ya themanini mwishoni, na kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu, jina la mathe. Kwa wale mliozaliwa na WhatsApp: ulikuwa unatuma jina lako, umri, anwani ya sanduku la posta na vitu unavyopenda, halafu wanachapisha, halafu wageni wanakuandikia barua. Mathe alikuwa na miaka kumi na saba. Anapenda kusoma, kuimba kwaya na kubadilishana picha.

"Mum, ulikuwa unatafuta mabwana!"

"Nilikuwa natafuta barua," akasema, na akacheka vile sijamwona akicheka tangu ile video.

Alipata barua tisa. Moja kutoka Kitale, mbili Mombasa, moja ilivuka kutoka Uganda. Anawakumbuka wote kwa majina, anakumbuka hadi nani alikuwa na mwandiko mbaya. Tisa! Mimi nilikuwa na elfu arobaini na siwezi kukutajia hata mmoja.

Alingoja miezi mitatu kutoka atume jina hadi lichapishwe. Nikamuuliza kama haikuwa inaboesha. Akasema alikuwa amesahau kabisa, hadi mwenzake akakimbia nalo shuleni akipiga nduru.

Kuna Parents pia, nyingi. Hilo lilianzishwa na Eunice Mathu mwaka wa 1986, na kwa mathe lilikuwa kama nusu jarida nusu shangazi. Kwenye kava unakuta familia, mke na mume na watoto wamevaa nguo za Jumapili. Ndani, hadithi za ndoa na shida zake, zimeandikwa polepole, mtu amehojiwa amekaa chini. Seleb wa Kenya wakati huo alikuwa mtu aliyekubali kukaa sebuleni kwake akaulizwa maswali. Hayo maswali mengine yalikuwa magumu, lakini alijua yanakuja.

Halafu tunaingia miaka ya elfu mbili, na hapo hata mimi nilikuwepo. Redio za FM zilikuwa zimeshafunguka, Capital ilianza mwaka wa 1996 na zingine zikafuata, na ghafla nyimbo zetu zilikuwa zinachezwa siku nzima. Kalamashaka, Nameless, wale wa Ogopa. Ukiwa na muziki wako unataka kujua nani ameimba, amevaa nini, anatoka na nani. Ijumaa ilikuwa siku ya Pulse ndani ya Standard. Nation nao wakawa na Buzz. Kina mathe wakasoma True Love. Kwenye katoni kuna ukurasa wa gazeti wa Machi 2003, E-Sir alipofariki kwa ajali ya barabarani. Mathe anasema siku hiyo saluni ilinyamaza, hata draya ilizimwa.

Mimi nikiwa shule ya msingi, kurasa za Pulse ndizo tulizotumia kufunika vitabu. Kulikuwa na vita. Kama una kaka anayenunua gazeti, daftari yako ya hesabu ina msanii mzima, uso na viatu. Kama huna, unafunikia na matangazo ya mazishi. Ya kwangu ilikuwa na mzee fulani marehemu kutoka Murang'a, kwa mwaka mzima. Nilimzoea.

Na usidhani nimeanza kulilia zamani. Hiyo katoni imejaa uchafu pia.

Chukua zile za nje, People ya Marekani iliyoanza mwaka wa 1974, na Hello! ya Uingereza. Shabiki wa haya majarida alilipia picha, na pesa hizo zikazaa watu wa kukimbiza picha. Agosti 1997 Diana alifariki Paris, gari lake likiwa linafuatwa na wapigapicha kwa pikipiki. Kesi zilipochunguzwa dereva pia alipatikana alikuwa amelewa, kwa hivyo si wapigapicha peke yao. Lakini mathe anasema wateja walilia wakiwa wameshika majarida yale yale. Waliona, wakaendelea kununua.

Kufikia mwaka wa 2008, mapacha wa Angelina Jolie na Brad Pitt walipozaliwa, iliripotiwa kwamba People na Hello! walilipa dola milioni 14 kwa picha za kwanza, na pesa zikaenda kwa hazina ya hisani ya wazazi. Milioni 14 za dola, watoto hata hawajafungua macho vizuri. Nilipata hiyo nakala kwenye katoni. Mathe aliinunua ikiwa kuukuu kando ya barabara.

Kisha kuna jinsi walivyochora miili ya watu. Duara nyekundu kwenye tumbo la mwanamke, mshale kwenye paja, nani amenenepa, nani amezeeka. Ukipitia mengi ya hayo majarida mfululizo vile nilifanya, unaona wanawake weupe, na weusi waliochaguliwa kwa sababu ngozi yao inakaribia. Wateja wa mathe walikuwa wanaonyesha hizo picha kwa kidole wakisema "nifanyie kama huyu," na huyu hakuwa na nywele kama zao. Mathe alichoma masikio ya watu na kemikali miaka mingi akijaribu kuwafikisha huko.

Ndio maana Lupita alikuwa jambo kubwa katika saluni yetu. Aprili 2014 People walimtaja mrembo kuliko wote mwaka huo. Mkenya, mweusi tititi, nywele fupi za asili. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nakumbuka mteja mmoja alikuja akasema, "Leo kata," na mathe akamuuliza mara tatu kama ana uhakika.

Lakini kitu kilichofuata ndicho kinaonyesha dunia ilivyogeuka. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita kwenye kava, na nywele zake zikiwa zimefutwa na kulainishwa kwa kompyuta. Mwaka wa 1997 angefanya nini? Angeandika barua kwa mhariri, na mhariri angeichapisha kama anapenda. Mwaka wa 2017 aliingia Instagram, akaweka picha halisi na ile iliyohaririwa, akasema wazi kwamba wamefuta sehemu ya asili yake. Jarida likaomba msamaha. Mpigapicha akaomba msamaha.

Mwaka huo huo, Februari, Beyoncé alitangaza kwamba ana mimba ya mapacha. Hakuita jarida. Aliposti picha moja kwa akaunti yake na ikavunja rekodi ya laiki za Instagram wakati huo. Sasa weka hizo mbili pamoja. 2008, picha ya mapacha inauzwa dola milioni 14 na inafika kwetu kupitia lori la magazeti. 2017, picha ya mapacha hata hawajazaliwa inatolewa bure na mama yao, na inakufikia ukiwa kwa mat. Miaka tisa tu. Jarida halikuwa na kitu cha kuuza tena. Mwaka wa 2022 majina makubwa kama Entertainment Weekly na InStyle yaliacha kuchapisha kwa karatasi kule Marekani, na hakuna mtu mtaani aliyeshtuka.

Mimi nafurahia hiyo sehemu. Kwa kweli nafurahia. Seleb amepata mdomo wake. Kama sisi wa saluni tungekuwa na huo mdomo miaka ya tisini, pengine masikio machache yangeungua.

Lakini kuna mtu ambaye hakupata kitu kwenye hayo mabadiliko, na ni mtu kama yule dem wa densi. Mkubwa ana wafuasi milioni, ana wakili, akiongea anasikika. Mdogo ana wafuasi elfu nane na upasuaji. Zamani asingetokea kwenye jarida lolote, kwa sababu hakuna mhariri angepoteza karatasi juu yake. Sasa karatasi ni bure na wahariri ni sisi. Wale wapigapicha wa pikipiki hawakuisha. Kazi yao iligawanywa, kila mtu akapewa kipande kidogo na simu.

Tena kuna kitu nilikiona kwenye ukurasa wa tatu wa karibu kila jarida, kile kisanduku ambacho hakuna mtu husoma. Jina la mhariri. Majina ya waandishi. Sanduku la posta, namba ya simu, mahali ofisi iko. Yaani ukiwa umekosewa unajua mlango wa kubisha. Unaweza kuwapeleka kortini. Toleo linalofuata linaweza kuwa na kile kimstari cha "tulikosea." Sisemi walikuwa watakatifu, wengi walilazimishwa kuomba msamaha. Lakini walikuwa na mlango. Akaunti yangu ina jina la utani na emoji ya kikombe.

Na walikuwa na ule mwezi. Si kwamba walikuwa na busara kutuliko, ni mashine tu ilikuwa polepole. Mushene ilingoja ipangwe, ichapwe, ipakiwe. Ndani ya huo mwezi, mimba ya uwongo ingekuwa imeshajulikana ni ya uwongo. Mashine ya polepole ilikuwa inafanya kazi ambayo hakuna mtu aliipangia.

Wiki mbili baadaye yule dem alirudi saluni. Mathe akaniangalia, akasema, "Mwoshe nywele."

Kuosha mtu nywele ni kitu cha ajabu. Amelaza kichwa kwa sinki, shingo iko wazi, macho yamefungwa, na wewe umemshika. Niliomba msamaha nikiwa na shampuu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu, ikatoka sentensi moja.

Hakufungua macho. Akasema, "Wewe ulitoa yako. Shangazi yangu wa Kitui bado ako nayo kwa simu. Aliniuliza juzi mtoto ni mwezi gani."

Sikuwa na la kusema. Nikaendelea kusuuza hadi maji yakatoka safi.

Alipokaa kwa kiti alinyoosha mkono kwenye katoni, akachukua True Love moja ya zamani, akapindua hadi akapata mtindo ambao haukuwa umeraruliwa. Akaonyesha mathe. Mathe akasuka. Walicheka kitu fulani juu ya nguo za wakati huo, na mimi nilikuwa nafagia.

Tangu siku hiyo nimejiwekea mwezi wangu mdogo. Nikipata habari ya mtu asiye na uwezo wa kunijibu, naenda saluni kwanza. Mathe anauliza lile swali, ulimuuliza nani. Kama sina jina, siweki. Nimeandika jina langu kamili kwenye akaunti, na barua pepe ambayo naisoma kweli.

Nisiwadanganye kwamba inalipa. Video yangu kubwa zaidi tangu hapo ilifika elfu tisa. Mwezi uliopita nilikuwa na habari moja moto, nikangoja jibu la mhusika siku mbili, na mtu mwingine akaiweka akapata laki mbili. Na ilikuwa kweli, kila neno. Nilimkasirikia mathe hadi nikakosa kula.

Yeye aliniwekea chakula kwa hotpoti, akafunika, akaenda kulala. Kesho yake katoni ilikuwa imehamishwa. Sasa iko chini ya meza yangu, pale ninapoweka miguu nikiedit.